Nani Kaibana Simba?
(Uhakiki wa kurasa za michezo, kutoka kijiweni Bahi)

Sisi vijana wa kalamu tumezoea kuhakiki vitabu. Tukishika riwaya au diwani tunaanza: fani hivi, maudhui vile, mhusika mkuu ni fulani, mandhari ni pale. Sawa, hiyo ndiyo kazi. Lakini hapa Bahi, na nadhani hata huko uliko wewe, maandishi yanayosomwa kuliko yote ni kurasa za michezo. Mtu ambaye hajafungua kitabu tangu amalize darasa la saba atasimama mbele ya meza ya magazeti, mikono nyuma, asome vichwa vyote vya habari kuanzia kushoto hadi kulia bila kununua hata kimoja. Kisha ataenda kijiweni na kuvitetea au kuvipinga saa mbili nzima, tena bila kunywa maji. Maandishi yenye wasomaji wa namna hiyo yakikosa mhakiki, aibu ni yetu.

Basi leo tuweke vitabu kando. Tuchukue gazeti la michezo, redio na televisheni, tuvipitishe kwenye chekecheo lilelile tulilopewa kidato cha nne: lugha, wahusika, mandhari, dhamira. Na swali liwe moja tu: timu ya kwetu inaandikwaje?

Ninaposema ya kwetu nina maana ya Dodoma Jiji. Najua kuna mtu atanirukia hapo hapo: Bahi ni wilaya yake tangu mwaka 2007, hiyo timu ni ya Halmashauri ya Jiji, sisi inatuhusu nini? Tena wanaitwa Walima Zabibu, wakati sisi huku tunalima mpunga na kuvua kambale bwawani. Ni kweli. Lakini kati ya timu 16 za Ligi Kuu hakuna nyingine inayocheza mahali ambapo mtu wa Bahi anaweza kupanda basi baada ya chakula cha mchana, akaona mpira Uwanja wa Jamhuri, akarudi kulala kwake. Ilipanda daraja mwaka 2020, ikacheza misimu mitano mfululizo hadi 2024/25 bila kushuka. Kwa mkoa ambao ndio makao makuu ya nchi, hilo si jambo la kupita kimya.

Na bado linapita kimya. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

MASHTAKA YA KIJIWENI

Njoo kijiweni kwetu, pale karibu na stendi ambapo mabasi ya Singida yanapunguza mwendo. Utakuta kesi imeshafunguliwa. Mshtakiwa ni mwandishi wa habari, hayupo, na hukumu imeshatoka. Mshabiki wa Simba anasema redio fulani ni tawi la Yanga, wangeipaka tu rangi ya kijani na njano tujue moja. Mshabiki wa Yanga anajibu kwamba gazeti fulani limewapa Simba robo tatu ya ukurasa wa mbele kwa ushindi wa penalti, wakati Yanga iliyoshinda mabao matatu imebandikwa pembeni kama tangazo la msiba. Mwingine anadai mtangazaji wa televisheni sauti yake hupanda Simba wakifunga, na Yanga wakifunga inashuka kama mtu anayesoma bei ya mahindi.

Washikaji wengine huwacheka watu hawa. Mimi siwacheki. Nawaambieni, hao ni wahakiki. Wanapima ukubwa wa picha. Wanaangalia nani katajwa kwanza. Wanajua tofauti kati ya "yashinda" na "yaponea", kati ya "yapeta" na "yabahatisha", na hakuna mwalimu aliyewafundisha. Kijana wa bodaboda atakueleza kwa nini neno "yaponea" ni tusi, na akimaliza hutaki tena mhadhara wa mitindo ya lugha. Usomaji wa makini upo Bahi, tena unafanyika juani.

Kasoro yao ni nyingine. Kila upande unaamini gazeti limenunuliwa na upande wa pili. Kwa hiyo kesi nzima inahusu watu wawili: kama gazeti si la Simba basi ni la Yanga. Siku moja mzee mmoja mstaafu wa reli, ambaye hukaa pembeni na redio yake ya mkononi, aliuliza kwa upole tu: "Wajukuu zangu, hivi Dodoma Jiji jana wamecheza na nani?"

Kimya. Mmoja alisema Mashujaa, mwingine akasema hapana, labda KMC. Hakuna aliyejua kwa hakika, na gazeti lilikuwa mezani limefunguliwa. Tulilipekua hadi ukurasa wa ndani kabisa tukakuta mistari minne.

Waswahili husema fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi. Kwenye kurasa za michezo nyasi hazijapewa hata nafasi ya kusema zimeumia.

Na nyasi zenyewe ni nyingi. Hebu tupige hesabu, kwani hesabu haina Usimba wala Uyanga. Ligi ya timu 16, kila timu inacheza mechi 30, jumla zinakuwa mechi 240. Simba anacheza 30, Yanga 30, mbili kati ya hizo wanakutana wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo mechi zenye Simba au Yanga ndani yake ni 58. Zinabaki 182. Robo tatu ya ligi, na ushei juu. Dodoma Jiji peke yake kati ya mechi zake 30 inakutana na vigogo hao mara nne. Mara nne kwa msimu Dodoma inaonekana kwenye ukurasa wa mbele. Zile mechi 26 nyingine zilichezwa, watu walikimbia, walivunjika, walifunga, walilia. Nani anazo?

LUGHA: MTENDWA ASIYE NA MTENDA

Sasa tuingie kwenye fani. Chukua sentensi ambayo kila msomaji wa michezo ameikuta kwa sura moja au nyingine: "Simba yabanwa Dodoma."

Tuichambue kama walimu wetu wa sarufi. Kitenzi ni kubana, kimenyambuliwa kuwa kubanwa, kauli ya kutendwa. Simba ndiye kiima. Dodoma ni mahali. Haya, nani kambana? Hayupo. Sentensi imekamilika, inapendeza, inauza gazeti, na mtu aliyefanya kazi yote hayumo ndani yake. Dodoma imebaki kama mlango uliomminya Simba kidole.

Kauli ya kutendwa si dhambi. Ni mali ya lugha yetu, na inatufaa sana tunapotaka kumtazama aliyepatwa na jambo. Tatizo ni pale inapotumika upande mmoja tu. Angalieni mambo yanavyokwenda: mkubwa akishinda, kauli ni ya kutenda, "Yanga yaichapa Dodoma Jiji". Mkubwa akitoka sare, "Yanga yabanwa". Mkubwa akifungwa, "Yanga yachapwa", "yazimwa", "yapigwa stop". Apate, akose, avunjike mguu, kiima ni yeye. Yule mdogo akishinda hawi kiima, akishindwa anakuwa shamirisho. Kwenye sarufi ya michezo hana mahali pa kusimama.

Mfano mkubwa kuliko yote tunao. Tarehe 29 Novemba 2022, kule Ubaruku, wilaya ya Mbarali, Ihefu iliifunga Yanga 2-1 kwenye uwanja wa Highland Estates. Yanga ilikuwa imecheza mechi 49 za ligi bila kupoteza. Arobaini na tisa! Jambo lile tunalikumbukaje? Muulize mtu yeyote kijiweni, atakwambia ndiyo siku rekodi ya Yanga ilipovunjwa. Ni kweli ilivunjwa. Lakini ilikuwa pia siku ambayo timu ya bonde la mpunga, kutoka mji ambao wengi wetu hatuwezi kuuonyesha kwenye ramani, ilifanya kilichowashinda wote waliokutana na Yanga katika mechi 49 zilizotangulia. Ilistahili kuwa hadithi ya Ihefu. Imebaki aya moja katika hadithi ya Yanga.

Haya, mwaka 2024 Ihefu yenyewe ikahamia kwa majirani zetu Singida na kubadilishwa jina, ikawa Singida Black Stars. Zikaandikwa habari za usajili, za kocha, za wachezaji wa kigeni, na zote zina haki ya kuandikwa. Lakini mimi kama msomaji nilikuwa nasubiri habari moja tu: yule mtu wa Ubaruku aliyeruka uzio siku ile ya 2-1, Jumamosi sasa anafanya nini? Timu yake haijashuka daraja wala haijafa. Imeondoka tu, kama mpangaji. Hiyo ni riwaya nzima, jamani, na iko wazi haina mwenyewe.

WAHUSIKA NA MANDHARI

Tulifundishwa kwamba kuna mhusika duara na mhusika bapa. Duara anabadilika, ana wasiwasi, ana jana na kesho. Bapa yupo ili mwingine aonekane. Kwenye kurasa zetu mchezaji wa Simba au Yanga ni duara: tunajua kaumia kifundo cha mguu, tunajua mama yake alimwombea, tunajua anataka mkataba mpya. Beki wa Dodoma Jiji ni bapa. Jina lake linatokea pale anapopitwa.

Mandhari ndiyo inanichekesha zaidi. Msimu wote Dodoma haina hali ya hewa. Siku Simba au Yanga akija ndipo ghafla kunakuwa na jua kali, upepo, vumbi, na uwanja mgumu. Tunaandikwa kama kikwazo, kama vile sisi watu wa nyanda za kati tuliletewa upepo huu makusudi ili pasi za vigogo zisifike. Ukisoma unaona mtu amesafiri kuja kupambana na jiografia. Watu wanaoishi ndani ya jua hilo, wanaojua kuwa saa kumi alasiri upepo wa Dodoma hugeuka na mpira wa juu haushikiki, hawaulizwi. Na ujuzi huo ndio mpira wenyewe! Kipa aliyekulia hapa anajua la kufanya na upepo ule. Mwandishi angemuuliza angepata aya tatu tamu ambazo hazipatikani Kariakoo.

Mama mmoja anayetuuzia samaki pale kijiweni, mtu asiye na muda wa mpira, alitusikiliza tukibishana habari hizi akasema: "Hao waandishi wenu ni kama mtu kaalikwa harusini, akirudi anasimulia gari lililompeleka." Kisha akafunika ndoo yake akaenda zake. Sijasoma uhakiki mfupi na mkali kuliko huo.

MECHI ISIYOCHEZWA

Mtu anaweza kusema naonea, kwamba vigogo wanaandikwa zaidi kwa sababu wanacheza mpira mkubwa zaidi. Hoja hiyo naiheshimu. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023 na ikapoteza kwa USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini tu. Simba ikafika fainali hiyohiyo mwaka 2025 mbele ya Berkane. Hizo ni habari za taifa zima, na mwandishi ambaye asingeziandika angestahili kufukuzwa kazi.

Lakini hebu tuitazame miezi ya mwanzo ya mwaka 2025, uone kinachoandikwa pale ambapo mpira wenyewe haupo.

Tarehe 10 Februari 2025 basi la Dodoma Jiji lilipata ajali mkoani Lindi, timu ikirudi kutoka Ruangwa ilikokwenda kucheza na Namungo. Wachezaji na viongozi waliumia. Timu ya Ligi Kuu, vijana ambao siku iliyotangulia walikuwa uwanjani, ghafla wako hospitali mbali na kwao. Siku chache baadaye walikuwa wacheze na Simba, mechi ikaahirishwa. Ndiyo, ajali iliripotiwa, picha tuliziona, pole zikatolewa. Ila ndani ya muda mfupi sana mazungumzo kijiweni yalikuwa yamegeuka: je, Simba wataathirika vipi na ratiba hii? Viporo vitawachosha? Au vitawasaidia? Watu walirudia walichokisikia redioni, na kilichosikika ndicho hicho. Majeruhi walishakuwa suala la ratiba ya mtu mwingine.

Mechi ile ikachezwa tarehe 14 Machi, mwezi mmoja tu na siku nne tangu ajali. Simba wakashinda 6-0. Kesho yake tulisoma mabao sita. Mimi nilitaka kusoma kuhusu wale waliofungwa: nani alirudi uwanjani, nani bado alikuwa na bandeji, mtu anapandaje tena basi la timu baada ya jambo kama lile, anasinzia au anakaa macho njia nzima? Sikuipata habari hiyo kwenye gazeti lolote lililofika Bahi.

Na katikati hapo, tarehe 8 Machi, ilikuwa icheze Yanga na Simba. Haikuchezwa. Simba walilalamika kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi, Bodi ya Ligi ikaahirisha, Yanga wakakataa kuelewa. Mechi ile ilikuja kuchezwa tarehe 25 Juni, Yanga wakashinda 2-0. Hesabu siku: 109. Kwa siku 109 mechi isiyochezwa iliandikwa, ikajadiliwa, ikatabiriwa, ikaapiwa, na kila mlinzi wa geti akawa mhusika mkuu. Wakati huohuo mechi zilizochezwa kweli, zenye jasho na mabao, zilipata mistari yake minne.

Sasa niambie hilo nalo ni kwa sababu ya ubora wa mpira. Mpira gani? Haukuwepo!

WALE WA REDIO

Mzee wetu wa reli husema zamani hali ilikuwa nzuri. Vijana humpinga, na kwa kiasi wana haki. Hata enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam vigogo walikuwa hawahawa. Mwaka 1993 Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF, ikatoka 0-0 Abidjan na Stella, kisha ikafungwa 2-0 Dar es Salaam, huyu mzee anasema Bahi nzima ilinuna, na wengi wao walikuwa hawajawahi kufika Dar es Salaam. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba kulikuwa na bustani ya Edeni.

Lakini kuna kitu mzee anakikumbuka ambacho sisi waandishi tunapaswa kukiokota. Wale watangazaji wa redio, kina Ahmed Jongo na Charles Hilary, aliyefariki Mei 2025, walikuwa na kazi moja ngumu: kumwonesha mpira mtu asiyeuona. Na ukitangaza mpira kwa mtu asiyeuona huwezi kumruka mpinzani. Mpira ukienda kwake lazima umtaje. Akiupokea useme kaupokea kwa kifua au kwa mguu, yuko upande gani wa uwanja, nani anamkabili. Ukinyamaza kwa sababu yeye si Simba wala si Yanga, msikilizaji wako yuko gizani. Mtangazaji aweza kuwa na mapenzi yake moyoni, lakini mpira unamlazimisha kutenda haki kila baada ya sekunde tatu.

Gazeti halina mpira wa kulilazimisha. Mwandishi anakaa, anachagua, na kwa kuwa anachagua anarudi palepale. Ndiyo maana mzee anaweza kukusimulia bao la winga wa timu ya mkoani alilolisikia redioni miaka thelathini iliyopita, lakini sisi hatukumbuki nani aliifungia Dodoma Jiji wiki iliyopita. Kumbukumbu ile ilitengenezwa na mtu aliyefuata mpira ulikokwenda.

MAJIGAMBO SI HABARI

Siku hizi kuna mwandishi mpya ambaye hatumhesabu kuwa mwandishi: msemaji wa klabu. Jerry Muro alitoka kwenye uandishi wa habari akaenda kuisemea Yanga. Haji Manara aliisemea Simba miaka kadhaa, na mwaka 2021 akahamia Yanga. Wote mabingwa wa maneno, na sisi wapenda lugha tuwape haki yao. Majigambo ni fasihi. Mababu zetu walijigamba vitani, ngomani na kwenye ng'ombe, na Mgogo aliyejigamba vizuri alikumbukwa kuliko aliyepigana vizuri.

Ila majigambo yana mahali pake, na mahali pake si ukurasa wa habari. Leo msemaji anaongea asubuhi, redio inarudia mchana, gazeti linaandika kesho yake, na televisheni inamwalika mwenzake ajibu. Siku tatu zimekwisha, hakuna aliyegusa mpira. Na hapa timu ya mkoani imeachwa mara ya pili, kwa sababu haina bajeti ya mdomo. Ikishindwa uwanjani inaandikwa kidogo. Ikishinda inaandikwa kidogo vilevile, maana hakuna mtu wa kuusemea ushindi huo hadi Jumatano.

UTETEZI WA MHARIRI

Nimtetee mhariri kidogo, asije akasema kahukumiwa bila kusikilizwa. Mhariri si mchawi. Anaweka mbele kinachouza, na kinachouza Bahi ni Simba na Yanga. Nani anayenunua? Sisi. Kwenye kibanda umiza chetu Dodoma Jiji ikicheza saa moja na Yanga akicheza saa moja, mwenye kibanda haulizi, na asiulize kwa kweli, ana watoto wa kusomesha. Televisheni nayo tuipe chake: tangu Azam ilipochukua ligi mwaka 2013 macho yetu yamefika viwanja ambavyo zamani tulivisikia tu kwa jina, na mwaka 2021 ikatiwa saini ya mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6. Fedha hizo zinafika hata kwa timu ndogo. Picha ipo basi. Uwanja wa Jamhuri unaonekana.

Kinachokosekana ni simulizi, na simulizi haiji na king'amuzi. Picha inakuonesha kwamba bao limefungwa dakika ya 88. Haikwambii mfungaji ni nani kwao, wala kwa nini alikimbilia kona ile na si nyingine. Kazi hiyo ni ya kalamu. Na kalamu, wenzangu, ni sisi.

TUANDIKE NINI BASI

Kuna mtego ambao chipukizi wengi wa mikoani huingia: wakiona timu yao haiandikwi, wanaanza kuipamba. Kila mchezaji anakuwa "hatari", kila sare inakuwa "ya kishujaa", mwamuzi kila siku anakuwa adui. Hiyo ni kuiga ugonjwa. Timu inayopambwa inabaki bapa vilevile, imevalishwa shela tu. Dodoma Jiji ikicheza vibaya iandikwe imecheza vibaya, kwa jina, kwa dakika, kwa sababu. Kukosolewa ni heshima. Asiyekosolewa ni yule ambaye hakuna aliyemtazama.

Jambo la kwanza, mpe mtenda kitenzi chake. "Dodoma Jiji yaibana Simba." Itamke kwa sauti uone inavyokaa mdomoni. Ni maneno yaleyale, ila sasa kuna mtu kafanya jambo.

La pili, nenda mechi ambayo haina kigogo. Zipo 182, chagua. Panda basi, keti jukwaa la jua maana ndilo la bei nafuu, na uwasikilize waliokaa nyuma yako. Usiandike matokeo tu, simu zimeshayatoa kabla hujafika nyumbani. Andika kile ambacho simu haikuona.

La tatu, mfuate aliyefungwa. Mshindi atasemewa na wengi. Kipa aliyeokota mpira wavuni mara sita ana neno la kusema, na kwa kawaida hakuna anayemsubiri mlangoni.

Na la nne, waandikeni mashabiki wenyewe. Sisi wa Bahi tunaoshabikia Simba na Yanga za mji tusioishi, tena kwa machozi ya kweli, si wajinga. Tulipewa hadithi hizo mbili tukiwa watoto, kwa sauti nzuri redioni, na hakuna aliyetuletea ya tatu. Mtu huipenda hadithi aliyosimuliwa. Mtoto wa Bahi anayezaliwa leo naye atapenda atakachosimuliwa. Kama itakuwa kwamba Dodoma ni mahali ambapo vigogo hubanwa na upepo, ataamini hivyo, na akishika kalamu ataandika hivyo, nasi tutakuwa tumemfundisha.

Mechi ijayo ya Dodoma Jiji hapo Jamhuri, kama si ya Simba wala Yanga, jukwaa litakuwa na nafasi. Nitakuwepo na daftari. Atakayekuja aje na lake, tusije tukaandika jambo moja.

Nawasilisha.